Ovaroli ya Kufuliwa Nyumbani

Fundi wa betri alikuwa na miaka tisa katika karakana ile ya kuyeyusha betri kuukuu, na kwa kujihadhari hakuwa na mpinzani. Barakoa haimtoki usoni, glavu hazimtoki mikononi. Wenzake walimtania, "Bibi harusi, shela utaivua lini?" Naye hucheka nao.

Kwa hiyo alipokuja mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja mfupi asiye na haraka, fundi ndiye aliyepewa kazi ya kumtembeza. Mama yule akapitisha kidole dirishani, kikatoka na vumbi la kijivu. Akauliza feni za kunyonya hewa husafishwa lini, chakula huliwa wapi. Kisha akaitazama ovaroli ya fundi.

"Hii hufuliwa wapi, baba?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Mke wangu. Huikung'uta kwanza, ndipo aloweke."

"Mna mtoto?"

"Mmoja, wa kike, miaka mitatu. Habanduki kwa mama yake."

Mkaguzi akaacha kuandika. "Anaongea vizuri?"

Mwaka uliopita mtoto alikuwa na maneno kama kumi hivi. Sasa hayakufika matano. Bibi yake alisema ni uzito wa ulimi tu, utaisha wenyewe.

Walipimwa damu wote watatu. Ya fundi ilikutwa na madini ya risasi kidogo, sumu ya vumbi la betri; ya mkewe zaidi. Ya mtoto, daktari alisoma karatasi mara mbili.

"Dawa itapunguza sumu iliyomo mwilini," alisema. "Lakini kilichokwisha kuharibika kichwani, siwezi kuwadanganya."

Mkaguzi aliikalia karakana kooni mpaka ikajenga bafu na chumba cha kufulia. Siku hizi hakuna nguo ya kazi inayovuka geti. Wenzake wakampa fundi mkono wa shukrani, kana kwamba ni yeye aliyewaletea neema hiyo.

Mkewe hakumlaumu hata siku moja. Angemlaumu, ingekuwa nafuu. Jumapili moja alimkuta sakafuni, amempakata mtoto, akimfundisha taratibu: "Sema maji, mama. Ma-ji." Mtoto aliukodolea macho mdomo wa mama yake, kimya.

"Nilidhani kukung'uta ndiyo usafi," mke alisema bila kugeuka.

Fundi akanyoosha mkono amshike bega, akasita. Alikuwa ameoga mara mbili, lakini akaurudisha mfukoni.