Noti Ndani ya Fundo

Mpasuko wenyewe ulikuwa mdogo, haufiki urefu wa punje ya mchele. Lakini Bunia nzima inajua kwamba dola iliyopasuka hata kidogo si dola. Godelive aliipokea sokoni kutoka kwa mnunuzi mwenye haraka, noti moja ya mia kwa mzigo mzima wa makayabo, samaki wa chumvi wa Kasenyi, na kwa furaha ya kuuza akasahau kuiinua juani. Wabadilishaji wawili waliikataa. Wa tatu alitaka kumpa nusu, tena huku akicheka. Kwa nusu angerudi Kasenyi kununua nini, magamba?

Basi akaipaka gundi, akaipiga pasi chini ya kitambaa, akawaza likelemba, mchezo wao wa kupeana pesa kwa zamu.

Walikuwa mama kumi wa soko moja. Kila Jumamosi asubuhi kila mmoja alitoa fungu lake la franga, na Godelive, mshika sanduku, akazibadilisha kuwa dola, maana franga hushuka hata zikiwa zimelala. Mwenye zamu alikula zote, noti moja ya dola mia. Na walikuwa na desturi yao: mshika sanduku hufunga pesa mwenyewe kwenye pembe ya kitenge cha mlaji, na mlaji hafungui fundo mbele ya wenzake. Kulifungua ni kuwaita wezi.

Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Immaculée. Angekuwa mwingine, Godelive angesita. Lakini Immaculée alikimbia vita upande wa Kpandroma na cherehani kichwani, akaja kushonea watu viraka kando ya soko, hana kaka wala shemeji wa kuja kupiga kelele. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo wasemavyo. Godelive alichukua nusu ya kwanza ya methali, ya pili akaiachia kanisa.

Tena alijua pesa ile inakwenda wapi. Bénédicte, binti wa Immaculée, alikuwa amejifungua kwa kisu, na kliniki ilimzuia mpaka alipe. Alilala koridoni kwenye mkeka na kichanga chake, pamoja na wazazi wengine wasio na kitu. Godelive alikuwa hata amempelekea uji.

Akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Wakaimba. Immaculée akacheza kidogo huku machozi yakimtoka, akaondoka mbio.

Jioni alirudi kwenye meza ya Godelive, kitenge kimelegea.

"Maman Godelive, banakatala ile noti. Mwenye kupokea franga aliiweka ku mwangaza, anasema iko na gundi."

Godelive alikuwa ameiandaa hasira yake tangu asubuhi, nayo ikaja vizuri kuliko alivyotarajia. "Miye nilikufungia noti muzima. Kama imepasuka, imepasukia mu mikono yako. Ao unataka kuniita mwizi mbele ya watu?"

"Ungeangalia pale pale," alisema Scholastique wa meza ya pili, ambaye ndiye aliyeitunga ile desturi.

"Hapana, Maman, siwezi kukuita mwizi," Immaculée akasema taratibu. "Pengine ni miye, kwa kukunja vibaya."

Hapo Godelive angeweza kukoma. Alikwisha kushinda. Lakini mwenye njaa ya pesa hashibi kwa kijiko kimoja. Akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba atamkopesha mia, kila Jumamosi kumi za riba juu yake mpaka mia yenyewe irudi, na cherehani ikae kwake kwa muda huo.

"Nitashonea na nini, Maman?"

"Na sindano. Mikono si iko?"

Mia aliyompa ilikuwa safi, nzima, ile ile ya likelemba, ambayo tangu asubuhi ilikuwa mali ya Immaculée. Noti mbovu akairudisha sandukuni mwake: yule mbadilishaji wa nusu bado yupo.

Jumamosi iliyofuata Immaculée alikuja na binti yake, na mtoto amefungwa vizuri. Mama wote wakasogea.

"Tumemupatia jina yako," Immaculée akasema. "Anaitwa Godelive. Bila weye, mpaka leo bangekuwa mu koridoni."

Wakapiga makofi. Mtoto akawekwa mapajani pa Godelive, ananuka maziwa, akamshika kidole asikiachie. Haya ilimpanda Godelive toka tumboni, haya ya kweli, ikamchoma mpaka masikioni. Alifungua mdomo aseme. Nyuma yake, chini ya magunia ya makayabo, cherehani ilikuwa imelala.

"Mutoto iko muzuri," akasema, na kwa kuwa jina lina haki yake, akampa kipande cha sabuni.

Kisha akakohoa. Immaculée akaelewa, ilikuwa Jumamosi. Kwa vidole vilivyotobolewa na sindano akafungua pembe ya kitenge, akatoa noti ya dola kumi. Godelive aliipokea, mtoto akiwa bado mapajani, akaiinua juani, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule.