Waya Nyuma ya Meno

Siku mdogo wangu alipokufa nilikuwa dukani kwetu, duka la dobi, nimesimama kwenye pasi ya mvuke nikinyoosha koti la bwana harusi. Simu iliita mfukoni mwa aproni. Ilikuwa namba yake, nikaipokea kwa utani kama kawaida yetu.

"Eti daktari, leo umekosa wagonjwa?"

Aliyejibu hakuwa yeye. Alikuwa msaidizi wake wa kliniki, analia, maneno hayatoki. Nikamwambia vuta pumzi kwanza, dada, useme. Akasema mdogo wangu alikuwa ameinama juu ya mgonjwa, akalalamika kichwa, akavua glovu, akakaa sakafuni kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Hakuinuka tena. Ni mshipa wa kichwani, walituambia baadaye hospitalini. Nilizima pasi. Nakumbuka nililitundika lile koti la watu vizuri, nikalifunga vifungo vyote, ndipo nikatoka.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi na yeye. Baba alitutoka tukiwa bado shule ya msingi. Mdogo wangu tulimwita Koleo, tangu alipojing'oa jino la utoto kwa koleo la Baba la kukatia nyaya, kisha akazunguka mtaani kuwauliza watoto wenzake nani ana jino linalocheza. Mimi niliitwa Sungura, na aliyewahi kuniona nikicheka hakuuliza kwa nini. Meno ya juu yalitoka nje, ya chini yalipandana kama watu wanaogombea dirisha moja. Nilikuwa nikicheka naziba mdomo kwa kiganja, mpaka nikawa mtu mzima na kiganja kikazoea.

Koleo alisoma akawa daktari wa kunyoosha meno. Alipofungua kliniki yake, chumba kimoja cha kazi na kingine cha kusubiria, aliniita siku ya mapumziko akanionyesha kiti.

"Dada, kaa hapo. Fungua."

"Mimi huyu wa kufungwa vyuma? Watu watasema uzee umenipanda kichwani."

"Watasema, halafu watachoka. Fungua, Sungura."

Nilivaa vyuma zaidi ya miaka miwili. Wateja walinitania wee. Mmoja aliniuliza nikifungua mdomo nadaka stesheni gani ya redio. Lakini siku Koleo alipovibandua, akanipa kioo, nilicheka na mkono ukabaki mapajani. Yeye ndiye aliyelia. Mimi nilikuwa najitazama tu.

Kisha akaniambia kazi haijaisha. Meno ni makaidi, alisema, ukiyaachia yanarudi yalikotoka. Inabidi waya mwembamba ugandishwe kwa gundi nyuma ya meno sita ya mbele ya chini, ukae humo siku zote, mtu akitazama kwa nje asiuone. Kliniki alikuwa na nyaya za kununua, zinakuja tayari. Kwangu hakuzitaka.

"Wa dada yangu nitausokota mwenyewe."

Jumapili moja akaja nyumbani na sanamu ya plasta ya meno yangu, akaiweka mezani katikati ya vikombe. Mama akaitazama kwa karibu sana, maana macho yake yalishaanza kuingia ukungu.

"Huyu ndiye mwanangu? Mbona amebaki taya tu?"

"Mengine hatuyahitaji, Mama," Koleo akasema. "Shika hapa. Kaza."

Akampa koleo dogo lililobana ncha za nyuzi tatu za chuma, nyembamba kama nywele. Yeye akashika upande wa pili akaanza kuzungusha, taratibu, mpaka nyuzi tatu zikawa waya mmoja. Mama alikaza mpaka vidole vikatetemeka. Kisha Koleo akaupitisha waya kwenye moto wa jiko, ukatoka mweusi wenye rangi ya buluu.

"Ah! Umeuharibu," Mama akasema. "Ulikuwa unang'aa kama pete."

"Nitausugua, Mama."

"Hautarudi vile. Si tusokote mwingine? Huo wa kuungua tupa."

Koleo alinitazama, akacheka. Wakasokota mwingine, na huo hakuuchoma. Aliukunja kufuata sanamu, akaujaribu, akaurekebisha, na Mama akaupokea kiganjani, akaupeleka dirishani kwenye mwanga. Kesho yake ukagandishwa mdomoni mwangu, tone la gundi kwa kila jino, kila tone likikaushwa kwa taa ya buluu. "Ukisikia umeachia hata jino moja, njoo siku hiyo hiyo," Koleo aliniambia. Nikamwambia ndiyo, daktari.

Baada ya maziko, vitu vyake vilitawanyika upesi. Nguo walichukua binamu zetu. Kliniki ilikodishwa kwa daktari mwingine, kijana, pamoja na kiti na mashine. Picha zilikuwepo, lakini kwa macho ya Mama picha ilikuwa karatasi tu. Nilikuwa nikimkuta anapapasa meza, mahali pale ilipokaa sanamu.

Jioni moja baada ya chakula akanawa mikono kwa sabuni, akanisogelea.

"Fungua mdomo."

"Nini tena, Mama?"

"We fungua."

Akaingiza kidole cha shahada, akakipitisha nyuma ya meno yangu ya chini, kutoka upande huu hadi ule, polepole.

"Upo," akasema.

Akarudi kukaa. Tangu hapo ikawa kila siku, vyombo vikishaoshwa. Mwanzoni niliona haya, mtu mzima kutiwa kidole mdomoni kama mtoto anayeota meno. Baadaye mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha.

"Usiniume," alikuwa akisema.

"Sikuumi, lakini leo una ladha ya kitunguu."

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Gundi iliachia kwenye jino moja la katikati. Niligundua kwa ulimi, nikiwa napanga mashati: pale palipokuwa na uvimbe laini palikuwa na waya mtupu. Ulimi haukutoka hapo siku nzima. Nilijua ninalotakiwa kufanya. Lakini aliyeniambia njoo siku hiyo hiyo hakuwepo wa kumwendea, na yule kijana angechukua mashine yake akaukwangua waya wote. Nikanyamaza.

Siku hizo alikuja mteja, msichana wa benki, analeta sketi zake. Alipocheka niliona meno yamekaa sawasawa, nikamuuliza ni nani alimtengeneza. Akamtaja Koleo. Nikaacha kuhesabu sketi.

"Kwa hiyo na wewe una ule waya kwa nyuma?"

"Aa, niliutoa zamani! Ulikuwa unanikera nikipitisha uzi wa meno. Yule daktari mlimjua? Nasikia alifariki, maskini. Hii sketi ina doa la wino, angalia hapa."

Nikaangalia doa la wino.

Mama alijua kabla sijamwambia. Jioni kidole chake kilisimama katikati, kikarudi, kikasimama tena.

"Umeachia."

"Kidogo tu."

"Ukienda wataugandisha, au watautoa?"

"Sijui, Mama. Huenda wakautoa."

Alikausha kidole kwenye upindo wa gauni lake kwa muda mrefu.

"Basi usiende," akasema.

Sikwenda. Nilitaka aseme hivyo. Tukaendelea, miezi ikapita, kila jioni akinawa na mimi nikifungua. Jino lililoachiwa lilijipinda kidogo. Lililonisumbua lilikuwa jingine, la pembeni, karibu na chonge, ambalo gundi yake ilikuwa imara. Fizi mbele yake ilianza kushuka. Kila nilipopiga mswaki niliona limekuwa refu zaidi, na chini yake rangi ya manjano ambayo si ya jino. Maji baridi yalinifanya nishike ukuta. Nikarudi kucheka kwa kuziba mdomo. Kisha hata kucheka nikaacha, na dukani wakasema ni msiba bado.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai.

"Unatafuna upande mmoja," Mama akasema.

"Mkate mgumu."

"Mkate huu nimeuloweka kwenye chai mwenyewe."

Akanyoosha mkono kuvuka meza, hakunawa safari hiyo, akashika kidevu changu, akapitisha kidole mbele ya meno badala ya nyuma. Alipofika pale nilipiga kelele kabla sijajizuia. Akaondoa mkono haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Nenda leo," akasema. "Nenda, mwanangu."

Kliniki haikubadilika sana. Kiti kilekile, taa ileile. Msaidizi aliponiona alinishika bega akanipeleka kitini. Daktari kijana alikuwa mtu mpole. Alinipiga picha ya taya, akaitazama, akarudi kunitazama mdomoni kwa kioo kidogo.

"Hili lililoachiwa halina neno, dada," akasema. "Tatizo ni hili ambalo bado limeshikwa. Waya unalizungusha. Mzizi unasukumwa nje ya mfupa."

"Waya si ni wa kuzuia tu?"

"Ndiyo, unatakiwa ukae kimya, usifanye lolote. Huu umesokotwa kwa mkono. Nani aliusokota?"

Msaidizi alitazama sakafu.

"Mdogo wangu," nikasema. "Na mama yangu."

Akainama tena na kile kioo kidogo.

"Kazi ya mkono mzuri sana. Ila waya wa kusokota ni lazima uchomwe moto, ufe nguvu. Usipochomwa unakuwa unataka kujisokotoa. Nguvu ndogo, huisikii, lakini haipumziki. Huu haukuchomwa. Tangu ulipowekwa umekuwa ukisukuma."

Nilikuwa nimelala chali, taa usoni, na nikamwona Mama wazi kabisa pale dirishani, akiugeuzageuza waya kwenye mwanga.

"Huwezi kuugandisha tu palipoachia?" nikamuuliza. "Jino likae hivyohivyo. Mimi nitavumilia."

"Litadondoka, dada. Na la jirani yake litafuata."

"Ningekuja mapema?"

"Ungekuja mapema ningeutoa mapema."

Nikamwambia atoe. Nikamwomba kitu kimoja, anipe waya wenyewe, na akakubali kwa moyo mweupe. Nilisikia mashine ikisaga gundi, jino kwa jino, vumbi lenye harufu ya kuungua, na mrija wa kunyonya mate ukinguruma kwenye shavu. Nilihesabu meno kwa ulimi mpaka akaniambia nisisogeze ulimi. Halafu kikasikika kilio kidogo cha chuma, mrija ukakwaruza, na daktari akasema, "Ah."

Ulikuwa umekatika. Nyuzi zilichoka, alisema, ziliachana vipande vipande, na mrija ukavinyonya. Alisema pole mara nyingi. Msaidizi alikimbilia kwenye mashine, akafungua kichujio, akaniletea kilichokuwemo kwenye kisahani cha chuma. Kilikuwa rojo la kijivu: gundi, vumbi la meno, vipande vya nyaya, vya wagonjwa wote wa wiki ile.

"Baadhi ni vyenu, dada," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ila siwezi kujua ni vipi."

Nilitazama kile kisahani. Nikamwambia amwage.

Nilirudi kwa miguu. Hewa ilipita mahali ambapo haikuwa ikipita, na kila nilipomeza mate ulimi ulikwenda kule nyuma ukakuta meno matupu, laini kama ya mtu yeyote. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliingia ndani, nikasikia maji, nikasikia sabuni ikirudishwa kwenye kisahani chake. Akaja. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikafungua mdomo.

Alikipitisha kidole mara moja. Akakipitisha tena.

"Hamna."

"Hamna, Mama."

"Wamekupa ukae nao?"

"Ulikatika. Umepotea."

Alibaki na kidole hewani.

"Kwa nini wameutoa?"

"Gundi iliachia."

"Gundi tu?"

"Gundi tu, Mama."

"Waya wetu haukuwa na kasoro?"

"Haukuwa nayo. Daktari mwenyewe amesema ni kazi ya mkono mzuri sana."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, macho yake yakitazama upande ambao sikuwepo. "Ulikuwa unang'aa," akasema. "Nilimwambia asiuchome. Ningemwacha auchome ungekuwa umechakaa zamani."

Nikasema ndiyo. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Sasa Mama huenda kulala mara tu baada ya chakula. Mimi nimepewa plastiki ya kuvaa usiku, imetengenezwa kwa mashine kufuata meno yangu. Naivua asubuhi na kuiosha kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huikunja. Haiyazuii sana. Mawili ya katikati yameshaanza kupandana. Lile la pembeni linacheza, na litang'olewa Jumanne.