Nyumba ya Kusoma na Kuota

Kosa lilikuwa la herufi mbili tu. Mzee Gundi, fundi wa kujalidi vitabu, alipoigeuza karakana yake kuwa nyumba ya mtaa mzima, watu waje kusoma, kuigiza na kuchora bila kiingilio, alimwagiza fundi rangi aandike juu ya mlango: NYUMBA YA KUSOMA NA KUTOA HADITHI. Fundi rangi alipanda ngazi ana njaa, akashuka ameshiba sifa zake mwenyewe, na ubao ukasomeka: KUSOMA NA KUOTA HADITHI.

Mkewe Mzee Gundi aliposoma alishika kiuno. Mzee Gundi yeye alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Uache hivyo hivyo," alisema. "Tuone utatuletea nini."

Basi watu wakalichukua neno kama walivyolikuta, na kila mtu akaota kivyake. Muuza miche alikuja na vikopo vyake kuuliza kama mbegu nazo zinaruhusiwa kuota humo. Mstaafu mmoja akahamishia kiti chake barazani kuota jua, na ukimuuliza ana ruhusa ya nani anakuonyesha ubao kwa kidole. Kisha asubuhi moja fundi cherehani wa nyumba ya jirani akaingia na alama ya mto shavuni, akasema ameota na hana wa kumwambia. Mzee Gundi akamvutia kiti.

Ndivyo ilivyoanza meza ya asubuhi. Sharti lake lilikuwa uje kabla hujanawa uso. "Ndoto ikishanawa," Mzee Gundi alikuwa akisema, "inakuwa habari." Na watu walikuja kweli, mashuka mabegani, ndala za kushoto miguu yote miwili, wakasimulia huku nusu yao bado iko ng'ambo ya usingizi. Mtu akimaliza, wenzake huitika: "Imefika." Wachoraji wa chumba cha nyuma walizichora ndoto hizo, na kila Jumamosi waigizaji walichagua moja wakaicheza kwenye jukwaa la mbao za makasha.

Mzee Gundi akafa, na nyumba ikabaki mikononi mwa mkewe. Watu wakamwita Mama Funguo, maana tangu hapo shada la funguo halikumtoka kiunoni: za chumba cha vitabu, za stoo ya ngoma na mavazi, za kabati la rangi. Hakuwa mtu wa kutunga. Alikuwa mtu wa kufagia nyuma ya watunzi, wa kupatanisha wapiga ngoma na wasomaji waliogawana ukuta mmoja, wa kumwambia mshairi kwa upole kwamba beti zake ni tamu ila wenzake nao wana midomo. Kazi hiyo aliiweza. Kulikuwa na jambo jingine lililomshinda.

Mzee Gundi alikuwa amerudi, na hakurudi kwake.

Muuza mkaa ndiye aliyemwona kwanza, akivuka barabara iliyokuwa maji matupu, viatu mkononi. Muuguzi akamwota amekaa juu ya paa la zahanati, anashona kurasa kwa nyuzi za mvua. Hata binti yake mwenyewe alipiga simu kutoka mji wa mbali: "Mama, baba kaja jana. Kanikata kucha." Mama Funguo alisikiliza zote, akaitika zote. Kisha akarudi kulala, na usingizi wake ukawa mweupe kama karatasi iliyotoka kukatwa. Alihamia upande wa marehemu kitandani. Alilalia aproni yake yenye harufu ya gundi. Wapi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu hakuwepo, na lake lilikuwa kwenye kila kitanda cha mtaa isipokuwa kimoja.

Kila alfajiri alifungua mlango kwa hofu ya kusikia nani tena katembelewa. Mwishowe akachoka.

"Naifunga meza ya asubuhi," alimwambia shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa katibu wa nyumba. "Tutabaki na kusoma na maigizo. Na ubao urekebishwe, usomeke ulivyotakiwa."

Shemeji alikuwa anapanga viti. "Kamati imekubali?"

"Kamati ni mimi, wewe, na fundi cherehani ambaye kila kikao anasinzia."

"Anasinzia kikazi, shemeji. Ndiye mwotaji wetu mkuu."

"Usinichekeshe."

"Na hao watu ndoto zao wapeleke wapi?"

"Wakanawe uso kama watu wengine."

Shemeji akaweka kiti chini. "Kwani kaka amekukosea nini?"

Mama Funguo alikwenda kuzungusha ufunguo kwenye kabati lililokuwa tayari limefungwa.

Asubuhi ya mwisho ya meza ile, ukungu uliingia ndani kama mgeni aliyechoka, ukajilaza katikati ya vitabu. Fundi rangi alishapanda ngazi, mlangoni ilionekana miguu yake tu, na sauti yake ikitoka mawinguni: "Leo nami nitalala. Mtaa mzima umenicheka." Mezani walikuwepo shemeji, muuza mkaa, fundi baiskeli, ambaye Jumamosi ndiye aliyemwigiza marehemu jukwaani, na fundi cherehani na alama yake ya mto.

"Nimemwona," fundi cherehani alianza. "Yuko kwenye nyumba ndefu, kuta za kitambaa, ukipumua na zenyewe zinapumua. Anapita anagusa mapindo. Anasema, hapa umeshona, hapa fumua."

"Hakuniulizia?"

Mama Funguo hakuwahi kuuliza hivyo. Fundi cherehani alitazama vidole vyake. Angeweza kudanganya, na ungekuwa uongo wa kheri, lakini kwenye meza ile ndoto haikutiwa chumvi.

"Hapana, dada," alisema. "Hakukuulizia."

"Na wewe?"

"Mimi aliniuliza njia tu, mama," alisema muuza mkaa, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa la mwingine.

Hapo wote wakajua kwa nini fundi rangi yuko juu ya ngazi.

Mama Funguo aliinuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha mwenye ndoto. "Na mimi nimeota," alisema.

Shemeji akamtazama. Maji ya kunawia yalikuwa bado yanang'aa kwenye nywele za paji la Mama Funguo. Akajifanya hakuyaona.

"Nilikuwa nimelala." Akakwama, macho yakahangaika ukutani. "Pale penye kalenda pana mlango. Nikausikia. Akaingia, amebeba mto begani."

"Mto wa kulalia?" aliuliza muuza mkaa.

"Mto wa maji. Ameukunja kama zulia, unadondosha samaki. Nikamwambia, wewe, utanilowanishia vitabu. Akasema, vimezoea. Akaukunjua chumba kizima, tukakaa ukingoni, miguu ndani. Vitabu vinapita vimefunguka, vinaelea, na maneno yanatoka yanaogelea pembeni, halafu yanarudi. Nikamuuliza, kote umepita, kwangu hukuona taa?"

"Kasemaje?"

"Hakusema. Alikuwa anapiga mluzi. Polepole. Maji yakawa yanaufuata, yakipanda ukipanda, yakishuka ukishuka..."

Akasita. Shemeji alikuwa ameinua kichwa, na Mama Funguo akakumbuka, masikio yakamwaka moto.

"Kaka alikuwa hawezi mluzi," alisema shemeji taratibu. "Lile pengo lake la meno. Tangu utotoni akipuliza unatoka upepo tu."

Miguu ya fundi rangi mlangoni ilitulia. Shemeji akajikuna kidevu, akifikiri.

"Basi kajifunza huko," alisema. "Ulikuwa mzuri?"

"Mzuri," alisema Mama Funguo, kwa sauti ndogo.

"Imefika," alisema fundi cherehani. Wengine wakaitika: "Imefika."

Kichwa cha fundi rangi kikachungulia kutoka juu, kimepinduka. "Mama, brashi nimeshaichovya. Nibadilishe nisibadilishe?"

"Shuka kwanza. Hadithi haisikilizwi mtu akining'inia kama popo."

Alisema hadithi, hakusema ndoto, na hakujirekebisha. Fundi rangi akashuka, akajibanza kwenye benchi na kopo lake mapajani.

Fundi baiskeli alikuwa anakuna sikio. "Jumamosi atakayemcheza ni mimi," alisema. "Huo mluzi unakwendaje, mama? Nisije nikauharibu."

Mama Funguo akalamba midomo. Tangu azaliwe hakuwahi kupiga mluzi mbele ya watu. Akapuliza, ukatoka upepo. Muuza mkaa akainamisha uso asicheke. Mama Funguo akakunja midomo upya, akaanza tena, na fundi baiskeli akasogeza kiti chake karibu.