Kiti cha Machuki

Asubuhi ya kesi, Rispa aliingia kortini akiwa bado kwenye kiti cha matatu. Kilikuwa kile cha nyuma ya dereva, chekundu, na tangu gari lipinduke barabara ya Homa Bay hakikuwa kimemwachia mgongo. Mafundi wa jua kali walifungua boliti zote, kikabaki palepale. Daktari alikigonga kidogo, akasema kimeshika, akampa dawa ya maumivu. Kanisani walimzoea, wakamwachia nafasi pembeni.

Hakutaka makubwa. Mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulihitaji kupasuliwa, na alitaka mwenye gari agharamie.

Mwenye gari, Machuki, alikula kiapo bila kupepesa macho.

“Huyu dereva Nchagwa si mfanyakazi wangu. Alichukua gari kwa kichwa yake mwenyewe.”

Nchagwa alikuwa amesimama nyuma yake, jina la Machuki limeshonwa kwenye sare, akitazama viatu vyake. Rispa akaeleza kwamba kabla ya kona walipopindukia alimsikia Machuki kwenye simu akimwambia dereva akanyage mafuta, awapite wa mbele. Wakili wa Machuki akamuuliza kama aliirekodi simu hiyo. Hakuwa ameirekodi. Ya Machuki yalikuwa uongo wa mchana kweupe, na mtu amevaa tai.

“Na kiti?” hakimu akauliza.

“Hiyo ni yangu, Mheshimiwa,” Machuki akajibu. “Risiti iko.”

Korti ikaamua kwamba mwenye gari hawezi kubebeshwa makosa ya dereva asiye wake. Kiti, kwa kuwa ni mali yake, kirudishwe.

Alasiri vijana wa stendi walikuja kukichukua. Hakikutoka, basi wakawabeba wote wawili na kukifunga mahali pake, kwenye gari lililokuwa limeshanyooshwa bodi. Tangu hapo Rispa alishonea nguo za wateja humo kwa mkono, Migori hadi Homa Bay na kurudi. Abiria walimsalimia wakipita.

Siku ya kwanza Nchagwa alisema, bila kugeuka, “Pole, mama.”

“Wewe endesha pole pole tu.”

Karibu na ile kona simu ikalia kwenye dashibodi. Sauti ya Machuki ikasikika gari zima.

“Nchagwa, nakulipa ya nini? Kanyaga! Hao wengine wanamaliza watu stendi.”

“Sawa, mdosi.”

Gari likaongeza mwendo. Rispa akachomeka sindano kwenye kiti, akaushika mguu wake kwa mikono miwili.