Filimbi ya Jumatatu

Jumatano saa sita, watoto kumi na mmoja wa darasa la tatu walikuwa wamelala sakafuni kwa homa, wakikohoa na kulalamika kwamba kichwa kinawauma. Na kesho yake mkubwa wa Chama tawala alikuwa anakuja Kindu kwa treni kutazama ngoma yao! Jambo likiharibika, wakubwa hutafuta mtu kabla ya kutafuta chanzo. Wakampata Mama Emerance, mjane anayeuza mikate ya kukaanga langoni pa shule.

"Sumu!" alisema Direkta Kabasele, mkuu wa shule. Vijana wawili wa Chama walikuwa wamekwisha kumshika mama yule mikono. "Watoto wamekula mikate yako leo asubui."

"Hata weye umekula, Direkta."

Direkta akajishika tumbo kidogo.

Mwalimu Kasanda, mwenye darasa lile, alisimama kando. Mama Emerance ndiye aliyembeba mgongoni Mwadi, binti wa Kasanda, miaka miwili mizima ili mama mtu apate kufundisha.

Muuguzi Onema aligusa watoto vipaji vya nyuso, kisha akainuka.

"Hii haiko sumu. Hii njo mafua, ile kali. Na mafua haimukamate mutoto asubui na kumulaza saa sita. Inakaa kwanza ndani ya mwili siku moja mpaka ine, mara mingi siku mbili. Tuache mambo ya leo. Juzi, Jumatatu, nani alikuwa anakohoa?"

Kasanda akamgeukia binti yake, aliyeketi dawatini. Jumatatu walikuwa wakichagua mtoto wa kuongoza ngoma. Filimbi ilikuwa moja tu. Kila mtoto aliipuliza, akaifuta kwenye shati, akampa mwenzake. Wa kwanza alikuwa Mwadi. Aliamka na homa siku ile, lakini mtoto wa mwalimu akikosa ngoma ya Chama, anayeitwa kujieleza ni mwalimu. Kwa hiyo Kasanda alimkokota shuleni hivyohivyo. Sasa Mwadi amebaki na kikohozi tu, na wenzake wako chini.

Mwadi, aliyefundishwa na mama yake kwamba mwenye jibu hunyoosha mkono, akanyoosha mkono.

"Shusha mukono," alisema Kasanda. "Hakuna mwenye amekuuliza."

Mwadi akaushusha. Onema alimtazama mwalimu kwa muda mrefu, akawatazama vijana wa Chama, akafunga mkoba wake. Naye alikuwa na kazi ya kulinda, na watoto wa kulisha.

Kasanda alijichukia papo hapo.

Hakuna chanzo kingine kilichotajwa, kwa hiyo Direkta akaonyesha mlango. Vijana walipomtoa Mama Emerance, alijivuta akasimama mbele ya Kasanda. Hakuwa ameona mkono wa mtoto. Vijana walikuwa wamemgeuza uso ukutani.

"Mwalimu," alisema, "nilimuwekea Mwadi mikate yake mbili. Umupe, asilale njaa."