Kona

Mikono ilikuwa inamwasha msusi, na si kwa ugonjwa. Alikuwa amechoka kusuka kitu kilekile. Tangu abuni Kona, mtindo wa mistari inayotoka kwenye paji la uso na kupinda ghafla juu ya sikio la kushoto, hakuna mteja aliyetaka kingine. Wake za wakubwa, Kona. Wanafunzi wa chuo, Kona. Wasusi wa mtaa wa pili wameiga, nao wanajiita mabingwa. Watu walimwambia ametoka kimaisha, naye akaitikia kwa kichwa huku roho ikimtoka kwa kuchoshwa.

Basi mdogo wake alipoingia saluni, siku moja kabla ya harusi yake, msusi alimkalisha kitini na kuanza kuupigia debe mtindo mpya alioufikiria wiki nzima. Mistari itapishana, itapanda utosini, mawifi watasahau kula. Mdogo mtu alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema anataka Kona.

Msusi akanuna. Ndugu yake wa tumbo moja aolewe na kichwa cha kila mtu! Alisuka macho yakiwa dirishani, vidole vikienda vyenyewe, akamaliza upesi kuliko siku zote. Akampa kioo.

Bibi harusi alijitazama. Alipeleka kidole juu ya sikio la kushoto, akakiacha hapo. Palikuwa na kovu la maji ya moto yaliyommwagikia utotoni, kipara kidogo kinachong'aa, na sasa kilikuwa wazi, nje kabisa ya mstari.

Msusi akakumbuka. Kona haikuanza kama urembo. Ilianzia kwenye kichwa hiki hiki, nyumbani kwao, mtoto alipogoma kwenda shule kwa sababu wenzake walimcheka. Dada yake alitafuta njia ya kulizunguka kovu na kuliangushia nywele. Majirani wakaipenda, wakaomba nao wasukwe. Ndipo mwaka baada ya mwaka akaisogeza kona kidogo kidogo ili ipendeze zaidi, kwenye vichwa visivyokuwa na cha kuficha.

"Nilifurahi ilivyoenea, dada," mdogo wake alisema. "Mtaa mzima ulikuwa na kona, hakuna aliyeniuliza yangu inazunguka nini. Kesho wataniuliza."

Msusi alitaka kusingizia uchovu, aibu ikamzuia. Alifunga mlango, akafumua kichwa kizima. Akaanza tena, na vidole vikamvuta kulekule kwenye kona ya wateja. Akafumua tena. Jasho lilimtoka, kitana kikamponyoka. Alikuwa ametamani kitu kipya kwa hamu kubwa, na sasa kitu cha zamani kilikuwa kimempotea mikononi.

Mlango ukagongwa. Mteja alikuwa anauliza kama anaweza kupata Kona.

"Leo siijui," msusi alijibu, na hakuwa anatania.

Mteja akacheka, akaondoka. Msusi aliweka kitana chini, akamuuliza mdogo wake kama bado panauma. Akaambiwa hapaumi tangu zamani, aendelee tu. Akaweka kidole juu ya kovu, akaanzia hapo.