Nguo za Mapambo

Mwaka jana halmashauri ya mji wetu, hapa Ufaransa ukingoni mwa mto Loire, ilinikataza kuanika nguo dirishani. Eti nawaharibia mandhari wageni wanaotembea kwa miguu kutazama nyumba za kale! Nikawa naanika jikoni, shuka zinanuka uvundo.

Juzi wageni wakalalamika kwamba uchochoro wetu umepooza. Leo nafungua dirisha, namkuta Firmin wa halmashauri juu ya ngazi, chini yangu tu, anatundika mashati mapya kwenye kamba.

“We Firmin, nguo za nani hizo?”

“Za mapambo tu, Bi Solange. Wageni wanapenda kuona kuna watu wanaishi hapa.”

“Kumbe mimi maiti?”

Akacheka. Nikamtupia chupi yangu mbichi, ikatua begani mwake.

“Haya, wapambie na hiyo! Hiyo ina mwenyewe.”